Msongo wa Aliyezaliwa Haoni: Je, Uvumilivu Watosha?

Kabla hatujaingia katika mada yenyewe, naomba tukichunguze kitenzi kimoja cha lugha yetu. Kitenzi hicho ni 'ona'. Katika Kiswahili mtu huona mti, lakini pia huona baridi, huona njaa, huona haya, huona uchungu na huona raha. Huona vyema kufanya jambo fulani na huona ajabu akisikia habari asiyoitarajia. Wawili wakiagana husema wataonana, na huenda wote wawili hawatumii macho. Kwa hivyo tunapotamka kwamba fulani 'haoni', tumeteua maana moja ya kitenzi hiki tukazisahau nyingine zote. Naamini kwamba sehemu kubwa ya taabu wanayoipata vijana waliozaliwa bila uwezo wa kuona huanzia katika kusahau huko.

Nakusudia kuzungumzia msongo wa mawazo wa vijana hao na namna wanavyokabiliana nao. Mifano yangu mingi nitaitoa Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega, kwa kuwa ndiko kwetu, na ndiko nilikowafahamu vijana wachache wa hali hii tangu utotoni. Sitawataja majina. Hawakunituma niwasemee, na Shinyalu si kubwa kiasi kwamba mtu akisha kuelezwa sifa zake aweze kujificha. Rai yangu ni kwamba msongo wa vijana hawa hautokani hasa na macho yao. Unatokana na kutoambiwa mambo, kutoulizwa wanataka nini, na kufanyiwa kila kitu na watu wenye nia njema. Ikiwa ni hivyo, basi tiba yake kwa kiasi kikubwa ni kazi ya lugha, na sisi tunaojiita watu wa lugha hatuna udhuru wa kuwaachia madaktari na wanasaikolojia peke yao.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mtu anayepofuka ukubwani amepoteza kitu alichokuwa nacho, naye hana budi kukiomboleza. Mwanariadha wetu Henry Wanyoike, kwa mfano, aliupoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana aliyekwisha kukimbia kwa miaka akitumia macho yake, na miaka mitano baadaye akajinyakulia dhahabu mjini Sydney akikimbia na kiongozi ubavuni. Habari yake ni habari ya kupoteza na kupata upya. Aliyezaliwa haoni hakupoteza chochote. Pengine mama yake alipata ugonjwa wa rubela akiwa mjamzito. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubela iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2016 ilistahili kupigiwa vigelegele zaidi kuliko ilivyopigiwa. Pengine alizaliwa na mtoto wa jicho, au presha ya macho, au alizaliwa kabla ya wakati wake, au hali hiyo imo katika ukoo. Hospitali ya macho ya Sabatia, kwa jirani zetu wa Vihiga, huyaokoa macho mengi, lakini mtoto aliyecheleweshwa nyumbani kwa miaka kadhaa hata akiondolewa utando, ubongo wake huwa umekosa msimu wa kujifunza kuona.

Kwa mtu wa namna hiyo hakuna giza. Giza ni jambo la wenye macho, maana ni kukosekana kwa mwanga ambao umekwisha kuujua. Tunapotunga tungo kuhusu 'ulimwengu wa giza' wa asiyeona, tunaeleza hofu yetu sisi wenyewe tukiwazia siku tutakapozimikiwa na taa. Kijana aliyezaliwa hivyo husikiliza tungo zetu kwa mshangao. Anajua fika kwamba ana mashaka mengi maishani, ila hilo tunalomlilia halimo.

Basi mashaka yake ni yapi? Neno 'msongo' latokana na 'songa', kitenzi chenye kazi nyingi: tunasonga ugali, tunasonga nywele, watu husongamana sokoni, mtu husongwa na madeni, na msafiri aliyechoka huambiwa asonge mbele. Katika taaluma ya saikolojia, Hans Selye ndiye aliyeandika mwaka 1936 kuhusu jinsi mwili unavyoitikia mashambulizi ya namna mbalimbali kwa njia ile ile moja, na mjadala ukapanuka kutoka hapo. Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walitoa kitabu kilichoubadilisha mjadala huo. Walieleza kwamba msongo hautokani na tukio peke yake, bali na hesabu anayoifanya mtu: je, jambo hili lina uzito gani kwangu, na nina nini mkononi cha kulikabili? Wakazigawa njia za kukabiliana nalo katika makundi mawili, yaani zile za kuushughulikia mzizi wa tatizo na zile za kutuliza moyo pale ambapo mzizi haufikiki. Mgawanyo huu wafaa kukumbukwa, kwa sababu kijana asiyeona hulazimika kuifanya hesabu hiyo mara nyingi kwa siku bila kupewa tarakimu.

Chukua safari ya kutoka kijijini hadi soko la Khayega, lililo kando ya barabara kuu ya Kakamega na Kisumu. Kijana ninayemfahamu ana ramani ya njia hiyo kichwani, na ramani yake ni bora kuliko yangu. Anajua pale ardhi inapoanza kuteremka, mahali ambapo mlio wa kinu cha kusaga unga huhama kutoka sikio la kulia hadi la nyuma, harufu ya samaki wanaokaangwa, na ubaridi wa kivuli cha miti unaomgusa shavuni. Lakini Kakamega hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na aghalabu hunyesha alasiri. Mvua ikianza kupiga mabati, ramani nzima hufutika. Kinu hakisikiki, hatua za watu hazisikiki, na pikipiki ya bodaboda hutokea ubavuni kama iliyozuka ardhini. Zaidi ya hayo, asubuhi hiyo mtu amechimba mtaro wa bomba la maji akavuka zake. Wapita njia wote wameuona mtaro. Hakuna aliyewaza kumwambia kijana, kwa kuwa mwenye macho haambiwi tazama, na methali hiyo imetuzoeza kudhani kwamba hakuna mtu wa kuambiwa.

Anayeishi hivyo huwa macho wakati wote, na neno hilo nalitumia nikijua ninalosema. Jioni amechoka kwa uchovu ambao hauonekani. Tena wapo wasiopata hata chembe ya mwanga machoni, na baadhi yao saa ya mwili huwakimbia: usingizi huja alasiri ukawakosesha usiku mzima kwa majuma kadhaa, kisha ukarudi mahali pake, kisha ukahama tena. Jambo hili linajulikana vyema na madaktari, lakini nyumbani huitwa uvivu. Kijana anayeitwa mvivu kwa sababu ya jambo asiloweza kulieleza ana msongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kuna chanzo kingine ambacho sijakiona kikiandikwa sana katika majarida yetu, nacho ni kurudi nyumbani. Watoto wengi wa Magharibi mwa Kenya waliozaliwa hawaoni hupelekwa katika shule za bweni zilizo mbali: Kibos iliyo karibu na mji wa Kisumu, Mtakatifu Oda huko Aluor katika Kaunti ya Siaya, au hata Thika, ambako Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1946 na ambako shule ya upili ilifuata mwaka 1967. Shule hizi zimefanya kazi kubwa isiyopaswa kubezwa. Humo mtoto hujifunza breli, hujifunza kutembea na fimbo nyeupe, hufua nguo zake, hugombana na kupatana na wenzake bila ya mtu kumhurumia. Huijua shule kama kiganja cha mkono wake. Nyumbani huja kama mgeni kila likizo, akakirimiwa na kuketishwa. Kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne, lango la shule likafungwa nyuma yake, na mgeni akawa mwenyeji. Ana umri wa miaka kumi na tisa au ishirini na ndipo anapoanza kuifahamu boma aliyozaliwa. Rika lake pale kijijini wana mazoea yao, utani wao na siri zao za miaka kumi asizozijua.

Mama naye ana hofu. "Usiguse jiko." "Ngoja ndugu yako akupeleke." Kijana aliyekuwa akijipikia uji bwenini sasa hungojea kupewa maji ya kunywa. Kwa binti mambo huwa mazito zaidi, maana hofu ya wazazi si ya bure: wapo wanaume wanaomwinda msichana asiyeona kwa kudhani kwamba hataweza kuwatambua. Hivyo hufungiwa kwa kulindwa. Wageni wakija huuliza juu ya kichwa chake, "Yeye atakunywa chai?" Swali hilo huulizwa dada yake, kana kwamba masikio nayo yamekwenda na macho. Mmoja aliniambia kwamba angeweza kuuvumilia mtaro ule wa njiani kila siku ya maisha yake kuliko kusikia swali la chai mara moja zaidi.

Sasa tuangalie wanavyokabiliana na hali hii. Njia ya kwanza kabisa huanza utotoni, nayo jamii huiadhibu. Watoto wengi waliozaliwa hawaoni huyumbisha mwili mbele na nyuma, au huyakandamiza macho kwa vidole, au hupunga mikono. Hufanya hivyo wanapofurahi, wanapochoka na wanapoingiwa na hofu. Mwili hujituliza wenyewe kwa mwendo. Sisi tuonao nasi hutikisa mguu chini ya meza ya mtihani, hutafuna kalamu, huzunguka chumbani na rununu sikioni, wala hapana anayetuita wendawazimu. Mtoto asiyeona huchapwa kofi na kuambiwa atulie, ameaibisha watu. Akifikia utu uzima amejifunza kutulia mbele ya watu, na huyumba peke yake chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kuyakandamiza macho kwa nguvu kwaweza kuyadhuru, na ni haki mtoto afundishwe njia nyingine. Lakini kumnyima mtu njia yake ya kujituliza bila kumpa badala, eti kwa sababu wageni watamtazama, ni kumtoza gharama ya macho ya watu wengine.

Njia ya pili ni mpangilio. Kikombe huwekwa mahali pamoja, sabuni mahali pamoja, fimbo nyuma ya mlango. Kipofu hasahau mkongojo wake, walisema wahenga, na ndani ya methali hiyo mna saikolojia nzuri, maana huko ndiko kuushughulikia mzizi wa tatizo. Anayehamisha kikombe bila kusema amemvurugia mwenzake jambo kubwa kuliko kikombe. Njia ya tatu ni marafiki wa shule. Vijana waliosoma Kibos au Thika wametawanyika nchi nzima, lakini rununu imewaunganisha. Hutumiana ujumbe wa sauti katika WhatsApp hadi usiku wa manane, na humo utasikia utani ambao mwenye macho hathubutu kuutoa: nani aliyemsalimu mti, nani aliyevushwa barabara kwa nguvu na msamaria asiyemuuliza alikuwa akienda wapi. Nimeusikiliza utani huo kwa idhini yao. Ni dawa kali kuliko ushauri mwingi tunaoutoa.

Wengine hutulizwa na muziki na ibada. Waisukha na Waidakho wana ngoma ya Isukuti, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na pembe na njuga. Mpigaji wa ngoma hahitaji macho, ila msafara wake hutembea, na mara nyingi asiyeona huachwa nyuma kwa kisingizio cha matope. Kanisani huwa na nafasi kubwa katika kwaya. Lakini kanisa lilo hilo laweza kuwa chanzo cha msongo. Mikutano ya injili inapofika, watu huwashika mkono vijana wasioona na kuwapeleka mbele waombewe wapate kuona. Wasipoona, huambiwa imani yao ni haba. Kijana aliyekuja kuimba sauti ya tatu hurudi nyumbani akiwa mshtakiwa. Siandiki haya kwa kuipinga dini, kwani wengi wao ni waumini kuliko mimi. Nasema tu kwamba mtu ana haki ya kwenda kanisani bila ya kuwa muujiza unaosubiriwa.

Na wapo, tusifichane, wanaotulizwa na chang'aa, na wapo wanaotulizwa na kunyamaza. Huyu anayenyamaza ndiye ninayemhofia zaidi. Jamii humsifu. Husema, "Mtoto huyu ni mpole, hana matata." Anayetukana na kubamiza mlango angalau hutambuliwa kwamba ana jambo. Anayekaa kimya tangu asubuhi hadi jioni chini ya mwembe huitwa mvumilivu, na uvumilivu wake huandikwa katika risala za wanasiasa. Yamkini kijana huyo ana sonona inayohitaji matibabu. Uvumilivu ni sifa njema mtu anapojichagulia. Unaposifiwa na wale wenye uwezo wa kuondoa kinachovumiliwa, huwa ni njia ya kukwepa kazi.

Nimesema kwamba kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya lugha, nami nitatoa mfano wa fahali. Kila mtu ajuaye Shinyalu anajua mchezo wa kupiganisha fahali. Alfajiri hutolewa mabomani wakiongozwa kwa ngoma, filimbi na nyimbo, na umati huenda mbio nyuma yao hadi uwanjani. Fahali aliyeshindwa hukimbilia popote, hata katikati ya watazamaji, na kwa hiyo wazazi humkataza asiyeona kwenda. Kijana mmoja alikwenda licha ya katazo, akiwa na rafiki wa ujirani. Rafiki huyu hakusoma sana, lakini alikuwa na kipaji. Alimsimamisha mwenzake penye kilima, akamwekea mkono begani, akaanza kusema: huyu mweusi ameinamisha kichwa, pembe ya kushoto imekatika ncha, wamekutana, mwekundu anarudi hatua mbili, tatu, amepata mguu, umati wa upande wa msitu umeanza kukimbia, sisi tubaki. Kijana alirudi nyumbani akisimulia pambano hilo vizuri kuliko waliolitazama.

Tukumbuke kwamba nchi nzima ilikuwa hivyo wakati mmoja. Miaka ambayo televisheni zilikuwa za wachache, Wakenya walitazama kandanda kwa masikio. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwezi Februari 2025, alitangaza mechi kiasi kwamba msikilizaji wa Shinyalu alijua mpira uko upande upi wa uwanja na nani anaufuata. Watu hao hao walimsikiliza katika kipindi chake cha 'Je, Huu ni Ungwana?' kilichoanza mwaka 1966. Hakuna aliyeona kwamba kutangaziwa ni fedheha. Kumweleza mtu kinachotendeka mbele yake ni ufundi, una kanuni zake, na Kiswahili kina zana zake.

Zana mojawapo ni vionyeshi vya mahali, ambavyo kila mwaka hutungiwa maswali ya mtihani na kusahauliwa siku ya pili. Tukisema "weka pale" au "kaa hapo", kidole ndicho kinachosema, neno linasindikiza tu. Kwa asiyeona, 'pale' ni fumbo. Lakini lugha hii ina pa, ku na mu: kilicho mahali mahsusi, kilicho upande fulani, kilicho ndani. "Kikombe kimo kabatini, rafu ya chini, mkono wa kulia" ni sentensi ambayo haihitaji kidole. "Mtaro u hatua tatu mbele yako, ubao wa kuvukia uko kushoto" ni sentensi inayoondoa msongo wa siku nzima. Wala haigharimu shilingi. Ningefurahi kuona somo la insha za maelezo likifundishwa kwa zoezi la namna hii, mwanafunzi mmoja akiwa amefumba macho na mwenziwe akimvusha uani kwa maneno matupu.

Najua kwamba katika idara zetu mjadala hupenda kusimama kwenye majina. Je, tuseme 'kipofu', 'asiyeona', 'mwenye ulemavu wa kuona'? Wapo wanaodai kwamba 'kipofu' ni tusi kwa kuwa limo katika ngeli ya ki-vi, ngeli ya vitu. Hoja hii haina nguvu inayodhaniwa. Kijana, kiongozi na kinyozi wamo katika umbo lilo hilo, na wote hupatanishwa kama watu: kiongozi amefika, kipofu amefika. Hata hivyo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha, nami naona kwamba anayepaswa kuamua ni mwenye jina. Baadhi ya ninaowajua hujiita vipofu bila kusita. Wengine hawalitaki neno hilo kinywani mwa mtu yeyote. Tuwaulize, kisha tuendelee na mambo mengine. Yasikitisha kuona warsha ya siku mbili ikijadili istilahi huku mshiriki mmoja asiyeona akiwa ameketi bila ratiba, kwa sababu ratiba imechapishwa kwa wino peke yake.

Hapo ndipo ninapofikia vyuo vikuu vyetu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 300,000 nchini wana matatizo ya kuona. Wengi ni wazee, lakini vijana wao wamo, na baadhi yao wamo madarasani mwetu. Wanapenda Kiswahili, imlai yake ni rahisi, kila herufi husomwa kama ilivyo, na katika breli yenye nukta sita jambo hilo ni neema. Matatizo huanza mhadhiri anapotoa orodha ya vitabu. Shule za upili angalau zina mpango wa vitabu teule vya breli, hata kama huchelewa. Chuoni, riwaya ya mwaka 1970 haipo katika breli, haimo katika sauti, na nakala iliyomo katika tarakilishi ni picha za kurasa zilizoskaniwa, ambazo programu ya kusoma skrini huzipita kimya kama ukuta. Programu zenyewe zipo na nyingine hazilipiwi, kama NVDA iliyoanza mwaka 2006, na ndani yake mna sauti ya Kiswahili. Kinachokosekana ni matini yenyewe. Mwanafunzi humwomba mwenzake amsomee. Mwenzake ana kazi zake. Mwanafunzi hungoja, tarehe ya kuwasilisha insha hupita, na hatimaye huacha fasihi akachukua somo lenye vitabu vichache. Idara huandika kwamba amebadilisha somo kwa hiari.

Kwa upande wa sheria, mlango umefunguliwa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za breli, za sauti au za kielektroniki kwa ajili ya wasioona bila kuvunja hakimiliki. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025, na mswada wake ulipelekwa bungeni na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Tunapenda sana kumtaja yeye, na kumtaja Reuben Kigame wa Vihiga, aliyepofuka akiwa mtoto mdogo, akasoma hadi chuo kikuu, akawa mwanamuziki mashuhuri na mwaka 2022 akataka kuwania urais. Nawaheshimu. Lakini mfano wa shujaa, ukitumiwa vibaya, ni fimbo. Kijana wa Shinyalu anayeambiwa "mbona Kigame aliweza" hapewi kitabu, wala fimbo nyeupe, wala ajira. Anapewa deni.

Chama chetu kina wanachama wengi, na kila mmoja ana rununu inayorekodi sauti. Riwaya ya kurasa 150, ikigawanywa kwa wasomaji kumi wenye matamshi safi, ni jioni moja ya kila msomaji. Idara yaweza kuomba idhini inayotakiwa, maktaba ikahifadhi rekodi, na mwanafunzi asiyeona akapewa kazi ya kuhariri, kwa kuwa sikio lake litakamata kosa la shadda ambalo letu litalipita. Tena alipwe anapofanya kazi hiyo, kama anavyolipwa msaidizi yeyote wa utafiti. Wahadhiri nao waandike muhtasari wa kozi katika faili la kawaida la maandishi na kulituma kwa barua pepe wiki moja kabla ya muhula kuanza, badala ya kuubandika mlangoni siku ya kwanza.

Nina ombi moja kwa mhariri wa jarida hili. Matoleo yaliyotangulia yalichapishwa kwa karatasi, na yale yaliyowekwa mtandaoni ni picha za kurasa. Wawili kati ya vijana niliowaeleza hapa wameniuliza watayasomaje makala haya yanayowahusu. Nimeambatisha faili la maandishi matupu pamoja na nakala hii. Naomba liwekwe mahali ambapo wataweza kulipata siku ile ile jarida litakapotoka.